«Estaba» au «estuve»? Kusimulia safari kwa Kihispania ukiwa umelelewa na Kiswahili

«Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga, nasoma shahada ya uzamili Madrid, huu mwaka wa pili. Dukani na darasani Kihispania hakinisumbui, lakini nikitakiwa kusimulia jambo lililopita naanza kubabaika. Mwezi ujao nina mtihani wa DELE, ule wa cheti cha Kihispania, ngazi ya kati, B1. Juzi tulipewa kazi ya kuandika habari za safari, nami nikaandika hivi: "El mes pasado he viajado a Sevilla en tren. Estaba allí tres días. Mi amiga estaba en la estación y se había puesto un vestido rojo. Hizo mucho calor. La Giralda fue muy alta. En el hotel sabía que muchos museos cerraron los lunes. Era un viaje muy bonito." Karatasi imerudi na wino mwekundu kila mstari. Nilikuwa nimekariri kwamba kati ya njeo mbili za wakati uliopita, jambo refu ni imperfecto, kama "estaba", jambo fupi ni indefinido, kama "estuve". Nina na orodha ya maneno: ayer huenda na indefinido, siempre huenda na imperfecto. Ninayeishi naye ni Mmeksiko, naye ananiambia hiyo "he viajado" niachane nayo kabisa. Nimfuate nani? Na nikiamua kutumia njeo moja tu mpaka mtihani upite, nitafeli?»

Marahaba, mwanangu. Insha yako nimeisoma mara tatu: mwezi uliopita ulisafiri kwa treni hadi Sevilla, ukakaa siku tatu, rafiki yako alikuwa stesheni amevaa gauni jekundu, kulikuwa na joto kali, mnara wa Giralda ulikuwa mrefu sana, hotelini ukajua kwamba makumbusho mengi hufunga Jumatatu, na safari ilikuwa nzuri. Kabla ya yote ujue kwamba sioni hapa mtu asiyejua Kihispania. Maumbo ya vitenzi yote umeyaandika sawasawa. «Estaba» iko sawa, «hizo» iko sawa, hata «se había puesto», ambayo wengi wa ngazi yako huikwepa, umeiandika bila kosa. Kilichokwenda kombo ni kuchagua ipi ikae wapi. Na katika sentensi zako saba, ya kwanza tu ndiyo uliyoiokota katika mitaa ya Madrid. Zilizobaki umekuja nazo kutoka nyumbani: ni Kiswahili kinachosema ndani ya Kihispania chako. Hilo linanipa moyo, kwa sababu makosa yenye mzizi mmoja hung'oka kwa pamoja.

Tuanze na kanuni ya urefu, maana ndiyo iliyokuponza. Hakuna kanuni hiyo. Mhispania husema «viví diez años en Sevilla», miaka kumi mizima, kwa indefinido. Husema «llovió toda la noche», mvua ya usiku kucha, kwa indefinido vilevile. Halafu husema «eran las tres y cinco», ilikuwa saa tisa na dakika tano, jambo la dakika moja, kwa imperfecto. Orodha ya maneno nayo ni mkongojo: inakusaidia kusimama, lakini huwezi kukimbia nayo. «Ayer» hukaa na njeo zote mbili. «Ayer fui a la estación», jana nilikwenda stesheni. «Ayer iba a la estación cuando me llamaste», jana nilikuwa nikienda stesheni uliponipigia. Na «siempre me gustó viajar», siku zote nilipenda kusafiri, ni Kihispania safi kabisa, ingawa ni indefinido. Neno kama jana linasema jambo lilikuwa lini. Njeo inasema wewe msimulizi umesimama wapi unapolitazama.

Hapo ndipo -li- yetu inapotuachia pengo. Ukisema «nilikaa Sevilla», msikilizaji anajua yamepita, basi. Hajui kama umerudi kusimama ndani ya siku zile ukitazama huku na huku, au umeshatoka na kufunga mlango. Mhispania hawezi kufungua kinywa bila kulisema hilo. Akitumia imperfecto yumo ndani: jambo linaendelea, mwanzo wake na mwisho wake havionekani. Akitumia indefinido yuko nje, jambo analiona zima, limekwisha, na hadithi inaweza kusogea.

Lakini usidhani Kiswahili hakijui tofauti hiyo. Kinaijua sana, ila kimeiweka mahali pengine. Sikiliza unavyosimulia nyumbani: «Tulitoka Tanga alfajiri, tukapita Muheza, tukafika Lushoto. Kulikuwa na ukungu, watu walikuwa wamejifunika mablanketi. Tukatafuta chai.» Umeona -ka- inavyofanya kazi? Kila inapotokea, safari inapiga hatua. Pasipo -ka-, kwenye ukungu na mablanketi, hadithi imesimama ili tutazame. Sasa itazame kwa Kihispania: «Salimos de Tanga de madrugada, pasamos por Muheza, llegamos a Lushoto. Había niebla, la gente estaba envuelta en mantas. Buscamos té.» Kihispania hakina -ka-. Kazi ya -ka- inafanywa na indefinido, na kazi ya «kulikuwa» na «walikuwa wakifanya» inafanywa na imperfecto.

Basi kipimo ninachowapa wanafunzi wetu ni hiki: ukisita, kirudishe kitenzi kwenye Kiswahili na ukijaribu kwa -ka-, kana kwamba kinafuata tukio lililotangulia. Kikikubali bila kubadilisha maana unayoitaka, ni indefinido. Kikikataa, au kikikupa maana usiyoikusudia, ni imperfecto.

Tuijaribu insha yako. «Nikakaa huko siku tatu.» Inakubali bila shida, kwa hiyo ni «estuve allí tres días». Umeona kwamba urefu wa siku tatu haukuzuia lolote. Ukishazihesabu siku, umezifunga. «Giralda ikawa ndefu sana.» Hii inagoma, kwa sababu inakuwa kana kwamba mnara ulikuwa mfupi ukarefuka mbele ya macho yako. Mnara ule ulijengwa na Waalmohadi, watawala Waislamu wa zama hizo, kuwa mnara wa msikiti katika karne ya 12, umesimama tangu hapo, na ulipofika wewe uliukuta mrefu. Kwa hiyo «era muy alta». Ila ungesema «tukapanda Giralda», zile njia za mteremko 35 zinazozunguka ndani badala ya ngazi, hapo ni hatua yako mwenyewe: «subimos a la Giralda».

«Hizo mucho calor» inataka tuitulie kidogo, maana mwalimu wako ameipiga mstari nami nisingeipiga kwa haraka. Ukifunga siku kwa kusema «siku ile kukawa na joto kali», basi «aquel día hizo mucho calor» ni sahihi kabisa. Lakini wewe uliiweka katikati, kati ya rafiki yako aliyesimama stesheni na mnara, kama mandhari ya hayo mengine. Huko ndani ya siku joto linaendelea: «hacía mucho calor». Zote mbili zipo. Swali ni ulikuwa unafunga siku au unafungua pazia.

Mzizi wenyewe wa matatizo yako ni neno moja: «nilikuwa». Kwetu linabeba kila kitu. Nilikuwa mgeni, nilikuwa Sevilla, ilikuwa safari nzuri, ilikuwa saa tatu, vyote ni «-likuwa». Kihispania kimeligawa neno hilo mafungu manne: «era», «fue», «estaba», «estuve». Kuchagua kati ya «ser» na «estar» umeshakujua, nimeona hujakosea hata mara moja. Kinachobaki ni kufunga au kutofunga. Ndiyo maana sentensi yako ya mwisho iliharibika. «Era un viaje muy bonito» inamwacha msikilizaji anangoja: ilikuwa safari nzuri, halafu? Treni ikaharibika? Umekaa ndani ya safari na hujatoka. Mtu anapoitathmini safari nzima baada ya kurudi huwa yuko nje: «fue un viaje muy bonito», ilikuwa safari nzuri sana, «me gustó mucho», niliipenda sana, «lo pasé muy bien», nilifurahia sana. Sentensi hizi tatu za safari zikariri, mwanangu, kwa kuwa karibu kila masimulizi ya safari huishia hapo, na karibu kila mwanafunzi wetu huziweka kwenye imperfecto.

Kuna vitenzi ambavyo tofauti hii huvipa maana nyingine kabisa, navyo hujaa kwenye habari za safari. Wewe umeandika «en el hotel sabía que…» ukimaanisha kwamba hotelini ndipo ulipopata habari. «Sabía» ni nilikuwa najua tayari. Ulichotaka ni «nikajua», nacho ni «supe». «Conocía a una señora» ni nilikuwa namfahamu mama mmoja. «Conocí a una señora» ni nikafahamiana naye, labda kwenye treni. «Quería subir» ni nilitaka kupanda, sijui kama ulipanda. «Quise subir» ni nilijaribu. «Tenía que pagar» ni nilipaswa kulipa, na huenda hukulipa. «Tuve que pagar» ni ikanilazimu nilipe, pesa zimetoka. Kwenye ukanushaji tofauti inakuwa kali zaidi: «no quería entrar» ni sikutaka kuingia, lakini pengine waliniburuta nikaingia, «no quise entrar» ni nilikataa. Hapo -ka- yetu haikusaidii moja kwa moja, kwa kuwa kinyume chake hakijengwi kirahisi, kwa hiyo geuza sentensi iwe ya kukubali kwanza, pima, ndipo uikanushe.

Na hiyo «cerraron los lunes»? Makumbusho mengi ya Hispania hufunga Jumatatu. Angalia nimesema «hufunga». Jambo la hu-, la desturi na ratiba, likirudi nyuma huwa imperfecto: «supe que muchos museos cerraban los lunes». Hapa ujihadhari na «kila», kwa sababu tunasema «kila asubuhi nilinunua mkate» kwa -li- tupu, na mwanafunzi huona -li- akakimbilia «compré». Ni «compraba».

Sasa gauni jekundu, kosa ninalolipenda kuliko yote kwa sababu linaonyesha Kiswahili kinavyofikiri. Ulitaka kusema «alikuwa amevaa gauni jekundu». Ukaona «alikuwa» pamoja na -me-, ukachukua pluscuamperfecto, njeo ya jambo lililotangulia jingine lililopita: «se había puesto». Mhispania ataelewa kwamba kabla ya hapo alikuwa amekwenda akalivaa, yaani macho yake yataelekea kwenye kitendo cha kuvaa. Lakini -me- yetu ina sura mbili. Mara nyingine husema kitendo kimetimia, na mara nyingine husema hali iliyopo baada ya kitendo. Amevaa, amelala, amesimama, amechoka, mlango umefungwa: hizo ni hali, na Kihispania huzisema kwa hali: «llevaba un vestido rojo», «estaba dormida», «estaba de pie», «estaba cansada», «la puerta estaba cerrada». Njia ya kutenganisha ni -sha-. Kama kilichomo moyoni ni «tulipofika, treni ilikuwa imeshaondoka», jambo lililotangulia jingine na pengine kuliharibu, hapo ndipo mahali pa pluscuamperfecto: «cuando llegamos, el tren ya había salido». Kama -sha- inaleta maana usiyoitaka, rudi kwenye imperfecto.

Tufike kwenye ugomvi wa mwalimu wako na huyo Mmeksiko. Wote wawili wako sawa kwao. Madrid, na sehemu kubwa ya Hispania, lililotokea ndani ya muda ambao bado haujaisha husemwa kwa perfecto, njeo ya hiyo «he viajado» yako: «hoy he llegado tarde», leo nimechelewa kufika, «esta semana he viajado mucho», wiki hii nimesafiri sana. Wewe ukaisikia kutwa, ukaibeba mpaka kwenye «el mes pasado». Mwezi uliopita umeshafungwa, kwa hiyo hata Madrid ni «viajé». Meksiko, Argentina na nchi nyingi za Marekani ya Kusini na ya Kati watasema «hoy llegué tarde» bila wasiwasi. Hata ndani ya Hispania, ukienda Galicia, Asturias au visiwa vya Canarias utasikia hivyohivyo. Ila rafiki yako amezidisha aliposema uachane nayo kabisa; Meksiko nako husema «he viajado mucho en mi vida», nimesafiri sana maishani mwangu, kwa sababu maisha bado yanaendelea.

Kwa upande huu Kiswahili kinakubeba vizuri. «Umewahi kufika Granada?» ni «¿has estado alguna vez en Granada?» «Sijaenda bado» ni «todavía no he ido». «Nimeshaiona» ni «ya la he visto». Unakaa Madrid, unasikia Kihispania cha Madrid, kwa hiyo kifuate hicho. Mtahini wa DELE hakatai Kihispania cha Meksiko wala cha Buenos Aires, mradi ushikilie kimoja na usiruke. Jambo moja dogo la mdomo, na nalisema kwa nia njema: Madrid utasema «cogí el tren», nilipanda treni, bila mtu kushtuka, lakini mbele ya Wameksiko na Waargentina kitenzi hicho ni tusi la chumbani. Sema «tomé el tren», utakuwa salama kote.

Umeuliza kama utafeli ukishika njeo moja. Nikujibu kwa uaminifu: ukisimulia yote kwa indefinido utaeleweka, na ni afadhali kuliko kusimulia yote kwa imperfecto, kwa sababu angalau safari itasogea. Lakini itasikika kama maelezo yaliyoandikwa kituo cha polisi, kitendo juu ya kitendo, hakuna jua, hakuna sura ya mtu. Na ngazi ya B1 mtahini anataka kusikia njeo hizo mbili zikipokezana. Wapo watakaokushauri usimulie kwa wakati uliopo, «llego a Sevilla y veo…», na ni kweli Wahispania husimulia hivyo barazani. Kwenye mtihani usifanye. Mtahini hawezi kukupa alama za kitu ambacho hajakisikia.

Kwa mwezi mmoja uliobaki ningeiendea hivi. Uti wa mgongo wa hadithi uwe indefinido, zile -ka- zako. Imperfecto uiweke mahali pachache unapopajua kwa yakini: saa, hali ya hewa, umri, mavazi, sura ya mahali, ulivyojisikia, na «había» kwa kila kilichokuwepo. Pluscuamperfecto sentensi moja inatosha, hiyo ya treni iliyokwishaondoka. Kila jioni chukua safari moja ya kweli, ya Lushoto, ya Pemba, ya uwanja wa ndege, uisimulie kwanza kwa Kiswahili kwa sauti ukizisikiliza -ka- zako, kisha kwa Kihispania. Insha yako nayo ikipita kwenye mikono hii inakuwa hivi: «El mes pasado viajé a Sevilla en tren. Estuve allí tres días. Mi amiga estaba en la estación y llevaba un vestido rojo. Hacía mucho calor. Subimos a la Giralda, que era muy alta. En el hotel supe que muchos museos cerraban los lunes. Fue un viaje muy bonito.» «Estaba en la estación» nimeiacha kama ulivyoiandika. Ulikuwa sahihi.

Limebaki jambo ambalo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi, na hapa nakuomba utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: sa-FA-ri. Indefinido ya kawaida huuweka mwisho kabisa: «viajé», «llegó». Ukiutamka kwa mazoea yetu, «viajé» inageuka «viaje», ambayo ni nomino, safari yenyewe, na «llegó», alifika, inageuka «llego», nafika. Imperfecto haina mtego huo, kwa sababu «llegaba» na «tenía» mkazo wake uko palepale tulipozoea, na nimewasikia wengi wetu wakiikimbilia kwa ajili hiyo tu, bila wao kujua. Vitenzi vinavyoogopwa zaidi, «tuve», «estuve», «supe», «pude», «hice», «vine», ndivyo vyepesi kwa ulimi wa Mswahili, kwa kuwa havina alama ya mkazo mwishoni. Anza na hivyo.

Lakini sikio lako haliwezi kukukamata wewe mwenyewe. Muombe mwalimu wako dakika 20 nje ya darasa, au huyo Mmeksiko wako, ambaye kwa kazi hii anafaa sana kwa kuwa indefinido ndiyo mkate wake wa kila siku. Msimulie safari ya Sevilla bila karatasi, na umwambie akusimamishe kila atakaposikia «llego» mahali pa «llegó». Kama baada ya wiki mbili anakusimamisha bado zaidi ya mara mbili tatu katika hadithi moja, lipia masomo machache ya matamshi na mtu mmoja kwa mmoja kabla ya mtihani, hata kama itabidi uache darasa moja la sarufi. Sarufi yako inakwenda vizuri.